Ile filamu ina mwisho, mlizima mapema

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu na nyinyi huzikata, lakini hii naomba sana muiache ilivo, manake kukatwa kabla ya mwisho ndo chanzo cha maneno yote nnayotaka kusema.

Wiki ilopita msomaji mmoja wa huku kwetu Malindi aliandika ati ile filamu ya majasusi wa makampuni, Duplicity, haina mwisho. Ati mtu anakaa saa mbili nzima, anafuata watu kutoka Dubai mpaka Roma mpaka New York, halafu anaachwa njia panda, hajui nani kashinda, nani kafungwa, na zile pesa zimekwenda wapi. Akasema waloitengeneza walichoka wakafunga tu. Barua ile nliisoma mara mbili nikiwa nimesimama hapa kwenye meza yangu ya biashara na nikajua hapo hapo kilichotokea, manake hata mtaani kwetu Maweni watu wanasema maneno hayo hayo, na wote waliitazama pahali pamoja, kwenye kibanda kimoja cha video. Siku ile kulikuwa na mpira. Mwenye kibanda akaizima filamu zikiwa zimebaki kama dakika kumi na tano hivi akaweka mpira, watu wakapiga makofi, basi ikaishia hapo. Mtoto wa dada yangu alikuwepo, yeye ndo alonambia, na yeye ndo aloniletea filamu yenyewe kwenye flashi nikaitazama nyumbani mpaka maandishi ya mwisho yakapita yote. Kwa hivo ndugu yangu uloandika, mwisho upo. Na mimi nasema ni mwisho wa haki kuliko filamu zote za ujasusi nlizowahi kuona na ntaeleza kwa nini, manake jambo hili limenifika mwenyewe kwenye biashara yangu, si la kwenye tivii tu.

Kwanza kwa wale hawajaiona. Filamu ni ya 2009, aloiandika na kuiongoza ni Tony Gilroy wa Marekani. Jina lake kwa Kiswahili chetu ni kama kusema undumakuwili. Julia Roberts ndo Claire, alikuwa jasusi wa CIA, na Clive Owen ndo Ray, alikuwa jasusi wa Uingereza. Wanakutana Dubai 2003 kwenye sherehe ya Wamarekani, wanapendana usiku ule ule, kumbe mwanamke kamtia mwenzake dawa ya usingizi kaondoka na makaratasi yake. Hivo ndo mapenzi yao yalivoanza, kwa kuibiana. Baadaye wanaacha kazi za serikali wanaingia kwenye makampuni, manake huko ndo kuna pesa. Kuna kampuni mbili kubwa zinazouza vitu vya nyumbani na vya mwilini, moja ya mzee Howard Tully, anayecheza ni Tom Wilkinson, na moja ya Richard Garsik, anayecheza ni Paul Giamatti. Wakubwa hawa wawili wanachukiana vibaya sana, filamu inaanza wanashikana mashati uwanja wa ndege karibu na ndege zao, mvua inanyesha, suti zimelowa, na picha inakwenda pole pole mpaka unaona mashavu yanavotikisika. Watu pale kibandani walicheka nasikia. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya picha ile kuna filamu nzima. Mtu anayemchukia mwenzake kiasi kile atanunua chochote utakachomwambia kimetoka chumbani kwa mwenzake.

Claire anaandikwa kazi kwa Tully, kazi yake kulinda siri za kampuni, kumbe ni mtu wa Garsik. Ray naye yuko upande wa Garsik. Na juu ya hayo wawili wana mpango wao wa tatu ambao hakuna anayeujua, kwamba siri ikipatikana wataiuza wenyewe waishi maisha ya raha. Siri yenyewe ni fomyula, dawa ya kumuotesha nywele mtu mwenye upara. Mwajua dawa kama hiyo ingepatikana kweli ingeuzwa bei gani.

Sasa nyinyi mlipozimiwa ilikuwa bado raha. Ndo Claire anahangaika ndani ya lile jengo anatafuta mashine ya kutoa kopi ili karatasi iwafikie wenzake, jasho linakutoka wewe unayetazama. Mkaondoka mkijua karatasi imepatikana. Kilichobaki ni hiki. Garsik anasimama mbele ya wenye hisa wake, kifua mbele, anawatangazia kwamba kampuni yake imepata dawa ya upara. Ray na Claire wako Uswisi, Zürich, wamepeleka fomyula yao kwa wanunuzi, wanangojea mamilioni. Wanunuzi wanaipima, wanawaambia hii ni losheni ya kawaida tu. Hakuna dawa. Haikuwepo tangu siku ya kwanza. Mzee Tully alikuwa anajua yote, kuhusu Garsik na watu wake, kuhusu Claire, hata kuhusu mapenzi yao ya siri, na yeye ndo alowawekea ile karatasi waiibe, ili Garsik ajitangaze mbele ya dunia na aaibike. Halafu wale wawili wamekaa hotelini, hawana kazi, hawana pesa, wanaletewa chupa ya shampeni na kikaratasi cha shukrani. Imetoka kwa mzee Tully. Wanabaki wamekaa pale, kamera inarudi nyuma taratibu, wanakuwa wadogo, wadogo, imekwisha.

Huo ndo mwisho. Na ninajua wengine hata wakiuona watasema ah, tumedanganywa. Ndio tumedanganywa! Ndo uzuri wake. Mimi pale nlipokaa na kikombe changu cha chai ya tangawizi nlikuwa nimeiamini ile fomyula kama Ray alivoiamini, hakuna hata mara moja nlojiuliza kama ipo, nlijiuliza tu nani ataipata. Filamu imenikalisha kiti kimoja na wezi. Ilipofika Zürich mimi pia moyo ulinidondoka, na mimi sina hata senti moja mle ndani.

Sasa niwaambie yangu.

Mimi nauza mabuyu. Miaka ishirini sasa, kabla yangu alikuwa mamangu. Mabuyu yangu watu wanakuja kuyachukua kutoka Watamu, kutoka Mambrui, kuna anayebeba mpaka Nairobi kila akifunga likizo. Miaka kadhaa nyuma akaja binti mmoja kutaka kazi, mpole, ana adabu, anasalimia kwa shikamoo kila mtu, nikampenda. Alikuja mwezi wa kwanza, wakati wa kaskazi. Nikamfundisha kuchambua mbegu, kupepeta, kufunga pakiti. Jikoni nlikuwa napika mwenyewe lakini mlango sikufunga, kwani ningefunga kwa nini, ni mtoto wa watu anajifunza kazi. Kumbe katumwa. Kuna mwenye duka mmoja, simtaji na wala sitamtaja, alikuwa anamlipa pesa kidogo pembeni ili anihesabie vikombe. Sukari vikombe vingapi, maji mangapi, iliki punje ngapi, pilipili kiasi gani, rangi ya wapi. Mtoto aliandika yote kwenye simu. Baada ya miezi miwili akaniaga kwamba mamake ni mgonjwa, nikampa nauli na pakiti mbili za zawadi.

Mwezi wa tano mabuyu yakatoka kwenye lile duka. Pakiti kama yangu, karatasi ya rangi kama yangu, bei nusu. Mimi nikalia wallahi, nlikaa jikoni nikalia, sikuweza hata kuwasha makaa siku ile. Halafu baada ya wiki moja watu wakaanza kunijia wamekasirika, bi, mabuyu yako siku hizi yana nini, yanalowa, yameshikana kwenye pakiti kama gundi, mtoto kachafua kanzu. Nikaomba nioneshwe. Hayakuwa yangu. Nikaipasua pakiti nikatia moja mdomoni na nikajua hapo hapo.

Vikombe vilikuwa sawa. Iliki sawa. Kila kitu aloandika kilikuwa sawa sawa. Lakini yule mtoto alijifunza wakati wa kaskazi, hewa imekauka, upepo unapuliza, shira ukiichemsha kwa kipimo kile inakamata vizuri. Masika yakiingia hewa yote ni maji, chumvi ya bahari iko mpaka kwenye kitasa cha mlango, na shira hiyo hiyo kwa kipimo hicho hicho itaanza kutoa jasho siku ya pili. Mimi masika siangalii kikombe. Naangalia povu. Povu la shira mwanzo ni kubwa, linapasuka pasuka kwa kelele, halafu linakuwa dogo na zito na sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayenong'ona, hapo kaskazi unamimina mbegu. Masika unangoja tena. Unangoja mpaka mwiko ukiunyanyua uzi wa shira unaning'inia na hauanguki, na harufu inataka kugeuka lakini haijageuka. Ukizidisha kidogo tu imeungua, ukipunguza italia. Hayo hakuna aliyeniambia kwa maneno, mamangu alinishika mkono wangu kwenye mwiko, ndo nikayajua. Sasa utayaandika vipi kwenye simu?

Kwa hivo nlipoona Ray na Claire wanaambiwa ni losheni tu, mimi nliona lile duka. Najua si sawa kabisa, mimi sikumtegea mtu mtego kama mzee Tully, mimi nliibiwa kitu cha kweli. Lakini kilichofika kwa mnunuzi ni kile kile, karatasi isiyozaa kitu. Anayeiba siri anaiba kile alichoweza kukiona, na alichoweza kukiona ni kile mwenyewe alichokiacha wazi, kwa kupenda ama kwa kutojua.

Na sisi watu wa Malindi tungefaa kuwa wa kwanza kuuelewa mwisho ule, manake kisa kama hicho kimepita hapa hapa kwenye bahari yetu. Kila siku watalii wanapiga picha kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama, lakini shuleni tunafunzwa kisa nusu. Alifika hapa mwezi wa nne 1498, mfalme wa Malindi akampa rubani ajuaye njia ya kwenda Kalikati, ndo mji wa Calicut huko India. Kuhusu rubani yule nani watu wanabishana mpaka leo, wengine walisema Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, sitaingia hapo. Waliondoka tarehe 24 mwezi wa nne na tarehe 20 mwezi wa tano wako Kalikati. Siku 26! Kusi imewasukuma. Basi Mreno akaona njia kaipata, kaiandika, ni yake. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi, akaondoka msimu si wake, na bahari ile ile alovuka kwa siku 26 ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wakafa wengi kwa ugonjwa wa fizi, alipofika Malindi Januari 1499 alikuwa hana watu wa kutosha wa kuendesha vyombo vyake vyote, mpaka akachoma moja huku kwenye pwani yetu. Njia aliipata. Upepo hakuupata. Mimi nikiiangalia nguzo ile naona mabuyu ya mwezi wa tano.

Wengine watanambia haya ni mambo ya sinema na ya zamani, makampuni makubwa ya leo hayafanyi hivo. Yanafanya. 2001 Procter & Gamble, kampuni ya sabuni ya Marekani, walikiri kwamba watu walowakodi walikuwa wanachakura taka za Unilever huko Chicago, wanatafuta makaratasi ya biashara ya nini? Ya nywele! Nlipoisoma habari ile nliweka simu chini. Walikubaliana kulipana, ikaandikwa ni kama dola milioni 10. Miaka minane baadaye ndo filamu hii ikatoka, na ukiitazama ukijua hilo hutasema tena ati walitia chumvi. Na 2006 kuna katibu aliyekuwa akifanya kazi Coca-Cola, yeye na wenzake wakajaribu kuuza siri za kampuni kwa Pepsi. Pepsi hawakununua, waliichukua ile barua wakawapelekea Coca-Cola wenyewe, FBI ikaingia, mpelelezi akajifanya mnunuzi akawapa dola 30,000 zimetiwa ndani ya boksi la biskuti. Yule mama alifungwa miaka 8. Hapo angalieni, Pepsi wangekuwa na roho ya Garsik, ile ya kumchukia mwenzake mpaka macho yanaziba, wangenunua. Na karafuu je, sisi tulio na jamaa Pemba? Waholanzi walivishika visiwa vya Maluku huko Indonesia, ndo asili ya karafuu, wakaikata mikarafuu ya visiwa vingine ili wauze peke yao, lakini Mfaransa Pierre Poivre akaupata mche ukafika Mauritius 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja. Hiyo ilishika manake walichukua mti wenyewe na wakapata watu wa kuupanda na kuuchuma, na wengi wao walichuma kwa minyororo, hilo nalo lisemwe.

Nirudi kwenye filamu. Vijana wa kwetu, wale wachache waloona mwisho baada ya kuwapa ile flashi, wote wanampenda mzee Tully. Ati mjanja huyo, kawamaliza wote kwa karatasi moja. Mimi hapo nakataa kabisa. Tazameni filamu yote tangu mwanzo, kampuni mbili kubwa vile, maofisi ya vioo, walinzi, kompyuta, ndege za kwao wenyewe, na hakuna hata pahali pamoja mtu anapoonekana anapika kitu. Hakuna anayepima sabuni mkononi, hakuna anayenusa. Wote wanasikilizana tu kwenye vifaa masikioni. Tully kashinda, sawa, lakini kesho yake asubuhi ana nini kipya cha kuuza? Ana aibu ya mwenzake, basi. Na kuna jambo moja ambalo mimi kama ningeulizwa ningeliongeza kwenye mwisho ule, hilo ndo kasoro yangu pekee na nalisema wazi. Kamera ilitupeleka kwa Garsik, ikatupeleka kwa Tully, ikatupeleka Zürich, lakini haikwenda kwa watu wa kampuni ya Garsik, yule wa kufunga maboksi, yule wa kuendesha lori, na wale wenye hisa zao mbili tatu walopiga makofi ukumbini. Wao kesho itakuwaje? Mimi najua manake walonunua mabuyu yale yaliyolowa hawakwenda kumlaumu mwenye duka, walinijia mimi. Miezi minne nlipoteza wateja na wala sikuiba, wala sikumtuma mtu.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni wale wawili kwenye viti vya hoteli.

Tangu mwanzo hawaaminiani. Kila wakikutana mmoja anamuuliza mwenzake utaniuza lini, na wewe unayetazama unangoja tu mmoja amgeuke mwenzake, manake filamu za namna hii ndo zinavokwenda, mwisho mmoja anapanda ndege na pesa na mwenzake anabaki na mdomo wazi. Hapa hakuna aliyemgeuka mwenzake. Walikuja Zürich wote wawili. Na walipoambiwa hakuna kitu, hakuna aliyeinuka kwenye kile kiti akaondoka. Wamekaa. Hawasemi sana. Chupa iko mbele yao imetoka kwa adui. Mwandishi angeweza kuwatia pingu, watu wa kibandani wangefurahi, haki imetendeka. Angeweza kuwapa milioni moja ya siri mfukoni, watu wangefurahi zaidi. Hakufanya hivo wala hivo, aliwanyang'anya kila kitu akaacha kila mmoja na mwenzake, na mimi nasema hiyo ni adhabu na ni rehema pamoja, na sijaona filamu nyingine ilofanya vile kwa utulivu vile.

Manake yule binti wangu hakuwa na mtu kwenye kiti cha pili.

Mwenye duka alipoona mabuyu yanarudishwa alimfukuza siku hiyo hiyo, akamwambia umeniletea uongo, hata pesa alobaki anamdai hakumpa. Hakusema uongo mtoto wa watu, aliandika alichokiona. Masika ya mwaka wa pili, mvua inanyesha, nikaskia hodi mlangoni. Kasimama hapo kalowa, buibui linamwagika maji, hakuingia mpaka nlipomwambia karibu mara ya tatu. Akaniamkia. Nikaitikia. Nlikuwa na maneno mengi nloyaweka mwaka mzima ya kumwambia siku ntakayomuona na yote yakanitoka kichwani, manake alikuwa kakonda. Akaomba msamaha, akalia, halafu akauliza kitu ambacho nliposikia ndo nikajua huyu ni fundi wa kweli hata kama alikosea. Akasema, "Bi, vikombe nlihesabu vyote, wallahi sikuruka hata kimoja. Nlikosea wapi?"

Nlikuwa na sufuria motoni. Sikumjibu. Nikamvuta karibu na jiko nikamshikisha mwiko, mkono wangu juu ya mkono wake, na nikamwambia nyamaza usikilize. Tukasimama hivo mvua inapiga bati, povu likaanza kelele, likashuka, akataka kuutoa mwiko, nikauzuia mkono wake. Bado. Akaniangalia. Bado. Mpaka ule uzi ukaning'inia usianguke, na mimi niliuhisi mkono wake ulivoshtuka alipouona.

Kuna jamaa zangu walonikasirikia kwa hilo, dada yangu mpaka leo ananambia nlimfungulia mwizi mlango mara ya pili. Mimi sioni hivo, na nimeitazama filamu ile mara tatu sasa, kila nikifika kwenye vile viti vya Zürich nakuwa na hakika zaidi.

Kwa hivo ndugu yangu wa barua ya wiki ilopita, sikukasirikii wewe, ulinyimwa haki yako ya mwisho kwa sababu ya mpira. Nlikwenda mwenyewe kwa mwenye kibanda Jumatatu nikamueleza, mwanzo alinambia bi, watu wakisimama mimi nifanyeje, lakini ni muungwana, alinisikiliza. Kaniahidi Ijumaa ijayo baada ya isha ataiweka tena tangu ule ugomvi wa mvuani mpaka maandishi yaishe, pawe na mpira pasiwe na mpira, na akina mama atatupangia viti upande wetu. Njoo uitazame. Mimi ntakuwepo na mabuyu, ya masika haya haya, alopika ni yeye mwenyewe yule binti, na atakuwa amekaa ubavuni kwangu.

Wako msomaji wa kila siku,
Muuza mabuyu, Maweni, Malindi